Amri ya Nane na Wapimaji wa Nyimbo

Katika vijiji vya kandokando ya Sake, wakatekumeni humwuliza katekista mara nyingi: Je, ni dhambi kusikiliza nyimbo za dunia? Jibu lake si refu. Wimbo ni sauti na maneno. Maneno yakiwa mema, au yakiwa hayana ubaya, kuyasikiliza si dhambi; yakiwasha tamaa mbaya au yakifundisha chuki, Mkristu na ayakimbie. Lakini nyuma ya swali hilo liko jingine ambalo watu hawaliulizi, nalo ni zito kuliko la kwanza. Ni nani aliyewaambia kwamba wimbo huu ni mwema na ule ni mbaya? Na yeye amejuaje?

Hapo Sake barabara itokayo Goma hugawanyika. Moja yapanda kwenda Masisi, nyingine yaelekea Kitshanga, nyingine yafuata ziwa kwenda Minova na Bukavu. Kila gari lipitalo lina wimbo wake. Nyimbo nyingi zimetoka Kinshasa, nazo zimeimbwa kwa Kilingala. Mzee asemaye Kihunde nyumbani na Kiswahili sokoni hupata neno moja akakosa mawili. Sauti humfikia, maana haimfikii. Kwa hiyo humtegemea mwingine: mtangazaji wa redio, au kijana aliyerudi kutoka mjini, au mwandishi wa gazeti ambaye kazi yake ni kusikiliza nyimbo mpya na kuwaandikia watu yaliyomo. Siku hizi mwandishi huyo huitwa mhakiki. Waweza pia kumwita mpimaji, na neno hilo latosha.

Sokoni, mwuza maharage akiinua chini ya kopo kwa kidole, mnunuzi hufika nyumbani akaona kipimo kimepungua. Aliyepunjwa kwa maneno haoni kitu. Hana kopo jingine la kulinganishia. Alichukua neno la mpimaji kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kupima. Hii ndiyo sababu kosa la mpimaji wa nyimbo ni baya kwa namna yake: anamdanganya yule hasa asiye na njia ya kugundua.

Kazi yenyewe ni ya heshima. Mwaka 1969 Michel Lonoh alitoa kitabu kizima juu ya muziki wa Kongo wa nyakati hizi, na baada yake walifuata wengine, kama Sylvain Bemba wa Brazzaville mwaka 1984 na Manda Tchebwa wa Kinshasa mwaka 1996. Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu wote, na jambo hilo lisingewezekana kama pasingalikuwa na watu waliosikiliza kwa makini na kuandika. Kanisa nalo halikuwasahau. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya vyombo vya habari ya tarehe 4 Desemba 1963, ulipowahesabu wenye wajibu wa kuvielekeza vyombo hivyo kwenye mema, uliwataja waandishi, wachezaji na watengenezaji, ukawataja pia wahakiki.

Ubaya huingia kwa mlango wa njaa. Katika miji ya Kongo magazeti mengi huwalipa waandishi wao kidogo sana, au huwalipa kwa kuchelewa, au hayawalipi kabisa. Basi mwenye kumwalika mwandishi aje kuandika habari zake humpa bahasha. Waandishi wenyewe huiita kwa Kifaransa «coupage», na hawaifichi. Mwenye bendi akitoa wimbo mpya, huwaita waandishi, huwanywesha, huwapa bahasha. Kesho yake gazeti lasema kwamba wimbo kama huo haujapata kusikiwa. Na ndani ya wimbo wenyewe pia mna biashara. Waimbaji wa Kinshasa wana desturi ya kutaja majina ya matajiri katikati ya wimbo, desturi iitwayo mabanga, na mara nyingi mwenye jina amelipa ili atajwe. Hivyo tajiri amenunua sifa kwa mwimbaji, na mwimbaji amenunua sifa kwa mwandishi. Na mkulima aliyeko Masisi, ambaye hakupata hata senti moja ya fedha hizo, ndiye peke yake anayesadiki yote.

Mwandishi aweza kujitetea, na utetezi wake haufai kupuuzwa. Aweza kusema: «Wimbo ule ni mzuri kweli. Hata bila bahasha ningeusifu. Sikusema uongo, nimesema kweli, tena nimelipwa. Dhambi iko wapi?»

Yafaa kumjibu kwa jambo ambalo kila mtu wa Masisi analijua, yaani ugomvi wa mipaka ya mashamba. Wazee wameketi, shahidi anaitwa aseme jiwe la mpaka lilikuwa wapi zamani. Anasema kweli tupu. Baadaye yajulikana kwamba usiku wa kuamkia shauri alipokea mbuzi kutoka kwa mmoja wa wagomvi. Jiwe halikuondoka mahali pake. Maneno yake yangali kweli. Lakini nani atayatumia tena? Aliposimama mbele ya wazee alisema mambo mawili kwa pamoja, moja kwa kinywa na moja kwa kule kusimama kwake. Kwa kinywa alisema, «Jiwe lilikuwa hapa.» Kwa kusimama kwake alisema, «Nimeona kwa macho yangu, na hakuna aliyenituma.» La kwanza lilikuwa kweli, la pili lilikuwa uongo. Na wazee walilipokea la kwanza kwa sababu ya la pili.

Ndivyo ilivyo sifa ya kununuliwa. Msomaji hasomi gazeti ili ajue tu kwamba wimbo umesifiwa. Tangazo la biashara lingetosha kwa hilo, na tangazo si dhambi, kwa maana kila mtu ajua ni la nani. Anasoma kwa sababu anadhani kuna mtu aliyeketi, akasikiliza, akapima kwa dhamiri yake. Mwandishi aliyeuza sifa amevaa kanzu ya shahidi juu ya nguo za mchuuzi. Hata wimbo ukiwa mzuri, ameivunja amri ya nane, na tena amewaibia watu kitu ambacho hakirudi upesi, yaani uwezo wa kumsadiki shahidi wa kesho.

Lakini wako watu, na wengi wao ni wacha Mungu, wanaokosa kwa upande wa pili. Hawauzi sifa, hutoa lawama bure. Husikia kwamba wimbo fulani ni wa shetani, nao hulipeleka neno hilo nyumba kwa nyumba kabla hawajausikia wimbo hata mara moja. Walioikimbia Sake katika mwezi wa Februari 2024 wanajua jinsi uvumi unavyotembea kupita miguu ya watu.

Mfano mkubwa ni wa zamani. Mwaka 1948 Wendo Kolosoy, pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane, alitia katika santuri wimbo uitwao «Marie-Louise». Ni wimbo wa mapenzi juu ya msichana. Ulipendwa mno, na kwa sababu ulipendwa mno, watu wakaanza kusema kwamba ukipigwa usiku wa manane wafu hufufuka. Inasimuliwa kwamba wamisionari waliuchukia wimbo kwa ajili ya maneno hayo, hata Wendo akalazimika kuuacha mji wa Léopoldville kwa muda. Kama ndivyo ilivyokuwa, ni jambo la ajabu. Kanisa lafundisha kwamba Mungu peke yake ndiye mwenye kufufua wafu. Basi Mkristu aliyeuogopa wimbo ule kwa sababu hiyo alikuwa akikiri, bila kujua, kwamba gitaa la Bowane lina uwezo wa Mungu. Alidhani anapigana na ushirikina, kumbe ameukaribisha nyumbani. Wendo aliendelea kuimba hata uzeeni, akafa Kinshasa mwaka 2008, na hakuna kaburi lililofunguka.

Nikodemo aliwauliza wakubwa wa Wayahudi kama sheria yao yamhukumu mtu kabla ya kumsikia, nao wakamdhihaki. Kitabu cha Methali chamhesabu kuwa mpumbavu ajibuye kabla ya kusikia. Na Mtakatifu Toma wa Akwino afundisha kwamba hukumu itolewayo kwa dalili hafifu ni mbaya hata ikitokea kuwa sahihi, kwa maana aliyeitoa hakujua. Alibahatisha heshima ya mwenzake.

Je, mpimaji asilaumu kamwe? La. Ziko nyimbo zinazostahili lawama, na kunyamaza mbele yake ni woga. Mwaka 1978 Franco Luambo Makiadi, mkuu wa OK Jazz, mwanamuziki aliyependwa kuliko wengi, alitoa nyimbo mbili zenye maneno machafu, «Hélène» na «Jacky», zikaenea kwa kaseti. Serikali ikamtia gerezani. Kama gereza lilikuwa dawa yake, hilo ni swali la watu wa sheria. Lakini yafaa kufikiri: wapimaji wa nyimbo walikuwa wapi? Ambapo mpimaji mwaminifu angesema mapema na waziwazi, «Wimbo huu wamwaibisha mwenye kuuimba, na sababu ni hii na hii,» pengine askari asingehitajika. Lawama ya haki humwachia mtu nafasi ya kugeuka. Na Franco huyohuyo, mwaka 1987, miaka miwili kabla ya kufa kwake, aliimba wimbo mrefu wa kuwaonya watu juu ya Ukimwi, wakati viongozi wengi wa Afrika walikuwa wakiona haya kuutaja ugonjwa huo. Aliyekuwa amesema mwaka 1978, «Huyu ni mtu mchafu, asisikilizwe tena,» angewazuia watu wasisikie onyo lile. Aliyesema, «Nyimbo hizi mbili ni chafu,» hakuwa na neno la kufuta.

Tofauti hiyo ni ndogo katika sentensi, na kubwa katika maisha ya mtu, zaidi sana hapa Kivu, ambako wimbo si jambo la kuchezea. Delcat Idengo, aliyeimba kwa Kiswahili juu ya taabu za watu wa mashariki, alitiwa gerezani mwaka 2021 kwa sababu ya nyimbo zake, na tarehe 13 Februari 2025 aliuawa kwa risasi mjini Goma. Mtu aweza kuzikubali nyimbo zake au kuzikataa. Lakini mahali ambapo wimbo waweza kumfikisha mwimbaji gerezani au kaburini, anayesema «wimbo huu ni wa adui» bila kuusikiliza wote, neno kwa neno, na aogope kwanza hukumu ya Mungu.

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, alijipima hata juu ya nyimbo za Kanisa: aliogopa kwamba sauti tamu humvuta kuliko maneno matakatifu. Hakumpima mwimbaji, alilipima sikio lake mwenyewe. Wapimaji wachache wa leo huanza hapo. Aliyegombana na mwenye bendi husikia makosa. Aliyelishwa naye husikia utamu. Na kila mmoja wao hudhani kwamba amesikia wimbo.

Yabaki swali la mwandishi mwenye njaa, kwa maana dini isiyojua bei ya unga haimsaidii mtu. Akipewa nauli kwa ukweli, ili afike mahali wimbo unapopigwa, wala hakudaiwa neno lo lote, hakutenda dhambi kwa kuipokea; ila awaambie wasomaji kwamba alisafirishwa na nani, nao watajua jinsi ya kuyapokea maneno yake. Akipewa ili asifu, airudishe. Na akiwa amekwisha kusifu, kuungama peke yake hakutoshi, kama vile haimtoshi mwizi wa kuku kuungama huku kuku yu bandani mwake. Neno la uongo lilitoka gazetini. Sahihisho nalo litoke gazetini, au katika redio ileile, mbele ya watu walewale. Hilo litamwaibisha, na huenda asialikwe tena na mwenye bendi ye yote. Mwenye gazeti asiyemlipa mtu wake naye ana sehemu yake katika dhambi hiyo, wala asijidanganye kwamba iko mkononi mwa mwenye bahasha peke yake.

Na yule kijana mwenye meza yake kando ya barabara hapo Sake, atiaye nyimbo katika simu za watu kwa fedha kidogo, hakuandika gazetini hata siku moja, lakini amri ni ileile. Mama amjia kuuliza kama wimbo fulani wa Kilingala wafaa kupigwa kwenye arusi ya binti yake. Kijana ameusikia mara nyingi, sauti yake anaipenda, maneno yake hayaelewi vizuri. Akisema, «Wafaa, mama, watu wote wanaupenda,» fedha ni yake papo hapo. Akisema, «Mama, sauti ni nzuri, lakini maneno sijayaelewa, ngoja nimwulize ajuaye Kilingala,» huenda mama akachoka kungoja, akaenda kwenye meza ya jirani.