Panya Aliyesahau na Mtoto wa Chuoni

Je, yafaa kumharibu mnyama ubongo wake ili mwanadamu apate kujua siri ya kukumbuka na kusahau? Swali hili si la madaktari peke yao. Latuhusu sote tusomeshao watoto, na hasa sisi tulioko huku Kakamega, ambako malaria bado haijatoka majumbani.

Mwaka 1929 Mmarekani Karl Lashley alitoa kitabu juu ya panya aliowakata sehemu za ubongo, kisha akawatia katika vijia vya kupotezana. Kadiri alivyokata zaidi, ndivyo walivyozidi kushindwa kujifunza njia. Lakini lenye mafunzo zaidi kwetu ni lile la mwaka 1982, la Richard Morris na wenzake huko Uingereza. Panya alitiwa katika birika la maji meupe kama maziwa, na chini kidogo ya maji pana kijukwaa asichokiona. Panya mzima, akitiwa mara chache, hujua mahali kilipo akakiendea. Aliyeharibiwa sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi huzunguka tu, kana kwamba hajapata kuingia humo. Walakini kijukwaa kikionekana juu ya maji, hukifikia kama wenzake.

Basi macho anayo, nguvu za kuogelea anazo, na hamu ya kutoka majini anayo. Si mvivu wala si mkaidi. (Wala si habari ngeni kabisa kwetu kuwa kumbukumbu ina makao yake ubongoni, Ibn Sina aliiweka upande wa nyuma.)

Sasa tutazame chuoni. Mtoto ameugua malaria ikampanda kichwani, akashikwa na degedege, akapoteza fahamu, kisha Mungu akamponya. Akirudi hukimbia na kucheza. Akiandikiwa herufi ubaoni huisoma. Ubao ukifutwa, kesho hana kitu. Mwalimu amwona acheza, akahukumu kuwa ni utundu, na bakora ikaanza kazi yake. Watafiti wa Kilifi walieleza mwaka 2005 kwamba katika watoto waliopona malaria ya ubongo, kama 24 katika kila 100 walibaki na upungufu, ama wa akili, ama wa lugha, ama wa mwendo. Na katika wasiopatwa nayo walikuwa 10. Mwaka 2010 ikaelezwa kuwa hata panya waliotiwa malaria ya namna hiyo wakatibiwa, walibaki na kasoro ya kumbukumbu.

Wako wasemao kuwa wanyama wametiishwa kwetu, basi tuwatende tupendavyo. Hilo hatulikubali, kisa cha mwanamke aliyemfungia paka hata akafa kwa njaa kila mmoja wetu akijua. Wako pia wasemao kuwa jambo lote ni haramu. Nao tunawauliza: yule mtoto wa degedege atajulikanaje na kutibiwaje? Twaona yafaa palipo na haja ya kweli, maumivu yakapunguzwa kwa dawa, na idadi isizidi haja. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama nayo yamtaka mwenye kuwajaribia awe na ruhusa. Ama kukata tena lililokwisha kujulikana, kwa ajili ya kujionyesha tu, hiyo ni dhuluma.

Na sisi tusiogusa kisu je? Maarifa haya yamekwisha kununuliwa kwa viumbe visivyoweza kukataa. Mwalimu ayapuuzaye akapiga, amewadhulumu wawili, panya na mtoto.

Tutaambiwa: mkifungua mlango huu, kila mvivu atasingizia malaria. Huenda wakawako. Lakini mvivu akisamehewa bakora hupoteza siku chache, na mgonjwa akipigwa huchukia chuo maisha yake yote. Kwa hiyo twawaomba walimu, kila mtoto aandikwapo, mzazi aulizwe kama amepata kushikwa na degedege au kupoteza fahamu kwa homa. Aliyepata apewe somo fupi, lirudiwe mara nyingi. Na degedege ikimrudia, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.