Kovu la Kweli na Kovu la Kiwandani

Wapendwa, hebu tujiulize jambo moja wiki hii. Je, kovu lina thamani kwa sababu lipo tu, au kwa sababu ya kile kilicholileta?

Swali hili nimelipata kwenye magitaa. Mwaka wa 2018 Geddy Lee, mpiga besi wa bendi ya Rush ya Kanada, alitoa kitabu kikubwa kuhusu mkusanyiko wake wa magitaa ya besi ya umeme, zaidi ya 250. Picha zilipigwa na Richard Sibbald. Kazi hiyo si rahisi, kwa maana vanishi ya gitaa ni kama kioo. Ukikosea kuweka taa, picha itaonyesha taa, kamera na hata mpiga picha mwenyewe. Mwanga ukiwa mpana na laini, mikwaruzo inafifia. Ukitoka kando, kila mkwaruzo na kila ufa mdogo wa vanishi unajitokeza. Kumbe mpiga picha anaweza kuficha au kufunua bila hata kuligusa gitaa.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo jicho langu huenda kwa bei. Ungedhani gitaa la Fender la 1962 likipakwa rangi mpya litauzwa ghali zaidi. Wapi! Kwa wakusanyaji bei inashuka, tena sana. Wanataka rangi ile ile ya kwanza, hata kama imechubuka pale mkono uliposugua, hata kama nyeupe imegeuka manjano.

Lakini soko ni soko. Likishaona kovu lina bei, litatengeneza makovu. Tangu katikati ya miaka ya 1990 Fender wameuza magitaa mapya yaliyochakazwa makusudi: rangi imekwanguliwa, vyuma vimezeeshwa. Ni kama zile jinzi tunazonunua zikiwa tayari zimeraruka magotini. Weka picha ya gitaa kama hilo kando ya lile lililopigwa miaka 50, na huenda hata wapiga besi wetu wasitofautishe.

Je, kiwanda kimedanganya? Naona hapana. Kinasema wazi kinachouza, na mnunuzi anajua. Uongo unaanza siku mnunuzi anapomwambia mwenzake, "Hili limepigwa miaka 50." Gitaa halijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni maneno.

Hapo ndipo jambo hili linatugusa sisi watu wa ushuhuda. Kuna anayepaka maisha yake rangi mpya, ati hajawahi kuanguka. Na kuna anayeongeza makovu, kwa sababu ameona aliyeteseka zaidi ndiye anayepigiwa makofi zaidi. Deni la elfu kumi linakuwa laki moja. Homa ya siku tatu inakuwa kufa na kufufuka.

Mtu atauliza, "Pasta, kama chumvi kidogo imemtia mwenzangu moyo, ubaya uko wapi?" Ubaya ni kwamba mwenzako ataenda nyumbani na kujipima kwa kipimo ambacho hakijawahi kuwepo. Msaada mdogo aliopata yeye, ambao ni wa kweli, ataudharau. Na yule aliyepitia moto kweli, siku akisimama kusimulia, atakuta watu wameshachoka kuamini.

Anayejua magitaa haridhiki na picha. Hufungua skrubu, akatoa shingo, akatafuta tarehe ambayo kiwanda kiliiandika au kuipiga muhuri ndani, mahali ambapo hadhira haioni. Maisha yetu pia yana mahali kama hapo, na wa nyumbani kwetu wanapajua vizuri sana.

Kwa hivyo Jumapili ijayo, ukipewa maikrofoni, sema kama ilivyokuwa. Kama deni lilikuwa elfu kumi, sema elfu kumi. Inatosha.