Shaba Iko Kwao, Stima Iko Kwetu

Jumapili ile mchungaji alipotufungulia Kumbukumbu la Torati mlango wa 8, alikaa sana kwenye mstari wa 9, pale Musa anapowaeleza Waisraeli juu ya nchi yenye chuma na shaba ardhini. Tulisema amina kwa nguvu. Mimi pia nilisema. Lakini Jumatano yake, katika ushirika wa nyumbani hapa Ruiru, nilitamka neno ambalo mpaka leo linanichoma, na ndilo limenifanya niombe nafasi katika kurasa hizi.

Tulikuwa tukizungumzia mstari huo huo. Kati yetu alikuwepo ndugu mmoja, fundi wa nguo, mzaliwa wa Kolwezi huko kusini mwa Kongo, penye shaba yenyewe. Mimi nilifundisha Jiografia shule za upili kwa miaka 31, na mwalimu hata akistaafu mdomo wake haustaafu. Nikamgeukia nikamwambia, kwa utani ambao si utani: "Ndugu, nyinyi Mungu aliwapa kila kitu mkashindwa. Sisi hatukupewa kitu, na tazama." Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Alingoja kicheko kiishe, kisha akaniuliza kwa upole: "Papa, unafikiri sisi hatuombi?"

Sikuwa na jibu. Nikajifanya natafuta miwani.

Hesabu zenyewe ni za kushangaza, hilo sikatai. Kongo ni kubwa kuliko Kenya mara nne. Karibu asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka huko. Kuna shaba, almasi, dhahabu na koltani. Mto Kongo pale Inga ungeweza kutoa zaidi ya megawati 40,000 za stima. Ukijumlisha mitambo yetu yote, mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana, upepo wa Turkana na jua, hatufikishi hata 5,000. Sisi tuna nini? Majani chai, kahawa, maua, magadi. Hata madini ya titani ya Kwale uchimbaji wake umefungwa tangu mwisho wa 2024. Lakini ukigawa pato la nchi kwa vichwa, Mkenya anapata kama dola 2,000 kwa mwaka na Mkongo hafikishi 1,000. Kwetu watu watatu kati ya wanne hivi wana stima. Kwao ni kama mmoja kati ya watano.

Wastani ni kitu cha ujanja, najua. Mtu wa Kiandutu hapa Thika ukimwambia ana dola 2,000 kwa mwaka atakuuliza zimewekwa wapi akazichukue. Hata hivyo tofauti ni ya kweli, na haiendi upande ambao shaba ingetaka iende.

Sasa, sisi watu wa kanisa tuna jibu letu la haraka. Tunasema: wamelaaniwa, au wana uchawi mwingi, au hawajamgeukia Bwana. Hilo ndilo lililokuwa limejificha ndani ya utani wangu, na yule ndugu aliliona kabla yangu. Basi nikaenda kusoma. Mwaka 1921 alitokea kule kijana aitwaye Simon Kimbangu, akahubiri na kuombea wagonjwa, vijiji vikamfuata. Mafundisho ya kanisa lililotoka kwake siyakubali yote, hilo niseme wazi. Lakini kwa kuhubiri tu, Wabelgiji walimhukumu kifo, kisha wakambadilishia kuwa kifungo cha maisha. Akakaa gerezani miaka 30 mpaka akafa huko Lubumbashi mwaka 1951. Ndani ya mkoa wa shaba! Mimi nikifungwa miaka mitatu kwa ajili ya Injili, sijui kama mngenikuta bado nasema haleluya. Watu hawa wanaomba. Makesha yao yanaanza jioni na kuisha jua likiwa juu.

Na kama ni dhambi, je, sisi? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi yetu ililipa mabilioni ya shilingi kama ruzuku ya kuuza nje dhahabu na almasi. Kenya, almasi! Hiyo ndiyo Goldenberg. Wenzetu waliibiwa dhahabu iliyokuwepo. Sisi tuliibiwa kwa dhahabu ambayo haikuwepo. Kwa hiyo ile hoja kwamba tumewashinda kwa utakatifu, mimi nimeiweka chini. Haisimami.

Jibu la pili ni la wasomi, nami nilikuwa nalifundisha darasani: kwamba madini yenyewe ndiyo laana. Hili nalo lina shida. Mwanzo 2 inataja dhahabu ya nchi ya Havila, na inaisifu, kabla dhambi haijaingia duniani. Mungu hakuficha sumu ardhini ili watoto wake waikanyage. Tena kuna Botswana. Walipata uhuru mwaka 1966 wakiwa maskini wa kutupwa, mwaka uliofuata almasi ikagunduliwa Orapa, na leo wanatupita sisi kwa pato la mtu mmoja mara tatu hivi. Almasi ni jiwe lile lile.

Kwa hiyo si watu, na si jiwe. Nilikwama hapo siku kadhaa, mpaka nikarudi kwa Sulemani. Tunapenda kuhubiri zile talanta 666 za dhahabu zilizomfikia kwa mwaka, 1 Wafalme 10. Hatupendi sana mlango wa 5, alipowatoa watu 30,000 kwa kazi ya kulazimishwa, na tunaruka mlango wa 12, pale taifa zima linapomwendea mwanawe Rehoboamu kulia kwamba nira ya baba yake ilikuwa nzito. Dhahabu ilikuwa nyingi mno Yerusalemu, na nchi ikapasuka vipande viwili. Swali la wale watu halikuwa ni kiasi gani kimeingia hazina. Waliuliza nani anabeba mzigo, na nani anasikilizwa.

Hebu litazame suala hili kwa macho hayo. Mtawala ambaye fedha zake zinatoka kwenye shimo lenye askari mlangoni hahitaji fundi wa nguo. Fundi akishiba au akilala njaa, shimo linatoa vile vile. Lakini serikali isiyo na shimo inakuja kwako: kwa kahawa yako, kwa mshahara wako, kwa mkate, kwa nauli ya matatu. Na mtu anayechukua mfukoni mwako, hata awe mkali namna gani, siku moja lazima akusikilize. Sitaki siasa katika gazeti la kanisa, lakini mnakumbuka Juni 2024. Vijana walitoka kwa sababu ya mswada wa kodi, wengine hawakurudi nyumbani, na tarehe 26 rais akasema hatautia sahihi. Naandika hivyo kwa uchungu, kwa maana damu ilimwagika. Ila nauliza, mchimbaji wa Kolwezi angegomea kodi gani ndipo Kinshasa imsikie?

Tena Kongo haikuanza na Wakongo. Kuanzia 1885 hadi 1908 ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na watu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira wa kutengeneza magurudumu. Urani ya Shinkolobwe ilikwenda kwenye bomu la Hiroshima. Uhuru ulipofika Juni 1960, Wakongo waliokuwa na digrii walikuwa wachache kuliko walimu wa shule moja ya hapa Thika. Lumumba akauawa Januari 1961. Mobutu akakalia kiti toka 1965 hadi 1997, na mataifa makubwa yakimpigia makofi. Sisi Waingereza walituchukulia ardhi, na mashamba ya kahawa ya hapa Ruiru ni ushahidi. Lakini kahawa haichumwi bila barabara, reli na karani anayejua kusoma. Hatukuwa werevu zaidi. Tulidhulumiwa kwa njia iliyoacha vitu fulani nyuma.

Jumatano iliyofuata nilimfuata yule ndugu kwenye kibanda chake, akiwa anakaza lastiki ya sketi ya shule. Nikamwomba msamaha. Akaniwekea kiti. Akanisimulia habari za mtaa wa Kasulo kwao, ambako mwaka 2014 iligunduliwa kwamba chini ya nyumba za watu kuna kobalti. Watu wakaanza kuchimba sebuleni, chini ya vitanda. Hakuna aliyelala. Jirani anachimba kuelekea kwako, nawe unamsikia usiku chini ya sakafu. "Papa," akasema, "mali ikiwa chini ya nyumba yako, haiwezi kuwa yako. Kila mtu anaijia." Kisha akainua simu yangu mezani, ile ninayotumia kutuma sadaka kwa M-Pesa, akaipima kwa kiganja, akairudisha. Hakusema kitu. Betri yake ina kobalti, na mimi mwalimu wa Jiografia nilijua.

Halafu akanieleza jambo moja nililokuwa nimelifundisha kwa miaka bila kuliona. Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikamilika laini kubwa ya stima kutoka Inga mpaka Katanga, kama kilomita 1,700, ili migodi ipate nguvu. Nilikuwa naichora ubaoni kama mfano wa maendeleo. Vijiji vilivyo chini ya zile nyaya vilibaki na koroboi. Stima inapita juu ya paa, na mtoto anasoma kwa moshi.

Nilitaka kusema "Kongo bwana!", lakini sauti ikakwama. Mto wetu Chania unatoka milima ya Nyandarua, na kabla haujafika kwenye maporomoko hapa Thika, sehemu ya maji yake huchukuliwa, husafishwa Ng'ethu kule Gatundu, na kupelekwa Nairobi kwa bomba. Shangazi yangu anaishi upande ule. Ana umri wa miaka 78. Bomba linapita karibu na shamba lake, na miaka yote aliyokuwa na nguvu alibeba maji mgongoni kutoka mtoni. Nimemtembelea mara ngapi, nikanywa chai ya maji hayo, nikarudi mjini nikafungua mfereji bila kuwaza? Sasa niambieni ni nani Kongo na ni nani Kenya katika habari hiyo.

Na bado sijafika nyumbani kabisa. Nikiwa naaga, yule fundi akaniuliza, akitazama sindano yake: "Na kile kisima chetu, Papa?"

Mnakijua. Kisima kilichochimbwa katika uwanja wa kanisa kwa harambee yetu sote, na wapo majirani wasio washirika waliochanga pia, mwingine mia mbili, mwingine siku moja ya kibarua. Leo tunawauzia majirani hao mtungi wa lita 20 kwa bei ile ile ya mwenye mkokoteni. Lango linafungwa saa kumi na moja jioni, wakati akina mama ndio kwanza wanatoka vibaruani. Fedha inaingia kwenye ujenzi wa madhabahu. Nani aliamua? Kamati. Mimi nimo ndani ya kamati hiyo na niliinua mkono. Je, hesabu zimewahi kubandikwa mlangoni watu wazione? Hazijawahi. Si kwamba kuna aliyeiba, jamani, msinielewe vibaya. Mweka hazina wetu ni mwaminifu na daftari lake ni safi. Lakini hata Sulemani sijasoma mahali kwamba aliiba. Alikuwa anajenga.

Kuna wazee watakaosema kwamba nyumba ya Bwana haiwezi kubaki na mabati kwa sababu ya mitungi ya maji. Nawaelewa. Nami nataka madhabahu iishe kabla sijafa, na bila fedha ya kisima itachukua miaka miwili zaidi, pengine mitatu. Hiyo ni gharama ya kweli wala sitaifunika kwa maneno matamu. Pia pampu inakula stima na lazima ilipwe, kwa hiyo maji ya bure kabisa sidhani kama yatawezekana. Ila kati ya bure na bei ya mkokoteni kuna nafasi kubwa, na kati ya daftari kabatini na karatasi mlangoni ni gundi tu.

Nimeandika mapendekezo matatu: bei ishuke mpaka gharama ya pampu na fundi wake, mfereji mmoja utolewe nje ya ua ufunguliwe mpaka saa mbili usiku, na hesabu zibandikwe kila mwezi. Kamati inakutana Jumamosi saa nane mchana. Yule ndugu wa Kolwezi si mwanakamati, lakini nimemwalika, na amesema atakuja akimaliza sare za shule.