Marekebisho Kidogo Tu

Waliokuwa vijana miaka ya 1980 na wakaangalia sinema kwenye mikanda ya video watamkumbuka binti wa Dirty Dancing, mwenye nywele za mawimbi na pua ndefu iliyoinuka kidogo katikati. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1987. Iligharimu kama dola milioni 6, ambazo kwa Hollywood ni fedha ndogo, ikaingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani kote. Binti mwenyewe ni Jennifer Grey. Alicheza na Patrick Swayze, akapendekezwa kuwania tuzo ya Golden Globe, na sura yake ikajulikana kila mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alifanyiwa upasuaji wa pua mara mbili. Wa pili ulikuwa wa kurekebisha kasoro iliyoachwa na wa kwanza, na baada ya huo watu hawakumtambua tena.

Namtaja kwa jina kwa sababu amekisimulia kisa hiki mwenyewe, katika mahojiano na katika kitabu cha maisha yake, Out of the Corner, kilichotoka mwaka 2022. Tena upasuaji wa namna hii hauko mbali nasi kama zamani. Siku hizi watu wanapanda ndege Dar es Salaam na Nairobi kwenda Istanbul kwa ajili ya meno, nywele, tumbo na pua, na kila mmoja wetu ana jamaa aliyekwenda au anayepanga kwenda. Sisimulii ili tumcheke mtu. Ningekuwa na umri wa Jennifer wa wakati ule, riziki yangu ikitegemea uso, na watu ninaowaamini wananiimbia wimbo mmoja miaka nenda rudi, sioni ningeponea wapi.

Dalili ya hatari ilikuwepo muda mrefu kabla ya kisu. Pua ile haikuwa ikimsumbua mwenye pua. Alitoka katika familia ya Kiyahudi ya wasanii. Baba yake, Joel Grey, aliyepata Oscar kwa filamu ya Cabaret, alizaliwa akiitwa Katz. Alibadili jina ili apate nafasi jukwaani, na yeye na mkewe wote wawili walifanyiwa pua, kwa kuwa enzi zao msanii wa Kiyahudi alitakiwa asionekane Myahudi sana. Mama, naye mwigizaji, alimshauri binti yake miaka mingi afanye vilevile. Hakuwa na nia mbaya. Hoja yake ilikuwa kwamba wanaogawa nafasi za kuigiza wasipate sababu ya kusita. Jennifer alikataa, na alikataa kwa muda mrefu. Kilichomlainisha ni kwamba baada ya mafanikio yale makubwa, nafasi alizozitazamia hazikuja, na maneno ya mama yakaanza kuonekana ndiyo yenye busara.

Ndugu msomaji, hapo ndipo pa kusimama kwanza. Mtu anayetaka kubadilisha kiungo chake anapaswa kujiuliza kauli ile ya kwanza, kwamba kiungo hicho kina kasoro, aliisikia kinywani mwa nani. Michael Jackson alieleza kwamba baba yake alikuwa akimcheka pua tangu utotoni, na jinsi sura yake ilivyobadilika dunia nzima iliona. Sisi nasi tuna mashangazi wanaomshika mtoto pua mbele za wageni na kusema hii kaipata kwa babu yake, watu wakacheka, mtoto akacheka nao. Miaka 20 baadaye mtoto huyo anatafuta bei za upasuaji kwenye simu.

Simu nayo ina yake. Mimi nikijipiga picha naona pua imetawala uso mzima, na kama singejua sababu ningeamini. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipiga hesabu wakakuta kuwa picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi huionyesha pua kuwa pana zaidi kwa takriban 30% kuliko picha iliyopigwa umbali wa mita 1.5. Anayeupeleka uso wake kwa daktari kwa ushahidi wa picha hizo analalamikia lenzi.

Turudi kwa Jennifer. Upasuaji wa kwanza ulikusudiwa kuwa mdogo, wa kunyoosha tu. Kisha kasoro ikajitokeza kwenye ncha. Hili ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyofikiri: ukingo wa gegedu lililokatwa huweza kuchomoza chini ya ngozi, hasa kwa mwenye ngozi nyembamba, na kamera haisamehi. Kati ya watu 100 waliofanyiwa pua, makadirio yanayotajwa sana na madaktari wa fani hii ni kwamba 5 hadi 15 hurudi kutaka marekebisho. Kwa hiyo kurudi kwenyewe hakukuwa ajabu. Hatari ni kwamba marekebisho husikika kama jambo dogo. Mtu anajiambia kazi kubwa imekwisha, hapa ni kumalizia tu.

Nataka tukae hapa kidogo, maana ndipo wengi wanapoumia.

Theluthi ya juu ya pua ni mfupa. Kutoka hapo kushuka chini ni gegedu, la jamii ile ile unalolishika ukikunja sikio. Ncha inashikiliwa na magegedu mawili membamba, moja kila upande, pamoja na ukuta wa katikati unaotenganisha matundu. Ngozi imelala juu yake tu. Daktari akipunguza mno, pua haianguki siku ile, kwa sababu bado imevimba na uvimbe wenyewe unaishikilia. Inaanza kunywea miezi ya baadaye, kovu la ndani linapojikaza na kuvuta kila kitu, kama turubai la harusini ambalo mtu amelipunguzia miti. Mgonjwa anaweza kutolewa bandeji na kusifiwa na ndugu wote, kisha mwaka wa pili akaona matundu yamejivuta juu na kuta za pua zimebonyea.

Ncha ndiyo sehemu inayochelewa kuliko zote. Uvimbe mwingi huisha katika wiki chache, lakini wa kwenye ncha huweza kuchukua mwaka mzima, na kwa mwenye ngozi nene huzidi hapo. Ndiyo maana madaktari wengi makini hawaigusi pua iliyokwisha kupasuliwa kabla ya miezi 12, isipokuwa kwa sababu nzito. Ukikutana na daktari anayekubali kukurudisha mezani mwezi wa nne kwa sababu tu umelia ofisini kwake, usiuite huo wema.

Na daktari wa mara ya pili anakuta nini humo ndani? Mara ya kwanza tabaka ziliachana vizuri. Sasa zimegandana kwa kovu. Mishipa midogo ya damu ilishakatwa, kwa hiyo ngozi inapona kwa shida. Gegedu nalo limepungua, na ili kujenga upya lazima likopwe mahali. Kwa kawaida hukatwa kwenye ukuta wa katikati. Kama huko walishachukua, huchukuliwa la sikio, na lisipotosha hufunguliwa ubavu. Mtu aliyeingia kwa ajili ya kijinundu kwenye ncha anaamka akiwa na mshono kifuani. Haya yote daktari mwaminifu huyasema mapema, na mgonjwa aliyechoshwa na kioo huyasikia kama maneno ya desturi.

Kwa maelezo ya Jennifer Grey, alipotoka mara ya pili pua ilikuwa fupi na ndogo kupita alivyotarajia. Siku moja kwenye hafla, Michael Douglas alikutana naye asimjue ni nani. Kwenye uwanja wa ndege, mfanyakazi wa shirika la ndege alisoma jina kwenye kitambulisho, akatamka kwamba ni jina la yule mwigizaji. Jennifer akamjibu kwamba ndiye yeye. Mfanyakazi akakataa katakata, kwa kuwa filamu ile alikuwa ameiona mara nyingi na huyu aliyesimama mbele yake siye. Jennifer amesema kwamba aliingia chumba cha upasuaji akiwa mtu maarufu na kutoka akiwa hajulikani. Alifikiria hata kubadili jina, kama baba yake alivyofanya.

Linalonisumbua zaidi katika kisa hiki ni kwamba pua ile mpya haikuwa mbaya. Asiyemjua angemwona mwanamke mzuri tu. Haikupinda wala haikutoboka. Alipewa pua nzuri ya mtu mwingine, akapoteza ile iliyomfanya mamilioni wamwamini alipoigiza msichana wa kawaida asiyejiona mrembo. Wahenga walishakataza kuacha mbachao kwa msala upitao, na mbachao wa Jennifer ulikuwa umekwisha kumletea riziki. Mwaka 1999 alionekana kwenye tamthilia ya televisheni akijiigiza mwenyewe na kuitania pua yake. Mwaka 2010 akashinda shindano la Dancing with the Stars, watu wakafurahi kumwona tena. Lakini hesabu mwenyewe miaka iliyopita katikati.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna la kuongeza. Ngozi ya pua kwa wengi wetu ni nene na ina mafuta zaidi. Ikipunguziwa nguzo za ndani haijibani ikafuata umbo dogo. Inabaki donge lisilo na ncha, na mtu anadhani hakupunguzwa vya kutosha, anarudi kupunguzwa tena. Wengine hutaka mgongo wa pua uinuliwe, wanawekewa silikoni. Silikoni huweza kuhama, kupata maambukizi, hata kuchomoza kupitia ngozi miaka kadhaa baadaye.

Ipo pia njia ya mkato inayopendwa na wanaoogopa kisu cha pili, yaani sindano za kujaza mabonde. Zinachomwa saluni, saa ya chakula cha mchana, na mtu anarudi kazini. Dada zangu, na kaka zangu maana nanyi mmo, pua ni mahali pa hatari sana kwa sindano hizo. Dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu na kuuziba, ngozi huweza kufa, na mishipa ya hapo inaungana na ya jicho, kwa hiyo wapo waliopofuka. Kwenye pua iliyokwisha kupasuliwa hatari inaongezeka, kwa sababu mishipa haiko tena pale vitabu vinaposema ipo.

Dalili inayopuuzwa kuliko zote haionekani kwenye kioo. Ni pumzi. Watu huhangaikia sura huku wanalala mdomo wazi, wanaamka koo limekauka, na wanasema ni mafua yasiyoisha. Weka kidole shavuni pembeni mwa pua, vuta ngozi taratibu kuelekea sikioni, kisha vuta hewa. Ikiwa hewa inafunguka ghafla ukivuta hivyo, na inabana ukiachia, huenda ukuta wa pua umelegea. Hilo ni la kupeleka kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo kabla hujafikiria uzuri, na ndiyo sababu halali kabisa ya kurudi kupasuliwa.

Basi, anayefikiria mara ya pili asione haya kuuliza. Kwa Tanzania Bara, daktari anapaswa kuwa amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya kuna baraza lake la madaktari na madaktari wa meno, kwa hiyo jina linaweza kuhakikiwa. Muulize ni pua ngapi za marudio amezifanya, maana pua za mara ya kwanza ni kazi nyingine. Muulize gegedu atalitoa wapi. Akikuambia hapana, subiri, au akikushauri uzungumze kwanza na mtaalamu wa afya ya akili, usikimbilie jirani yake anayesema ndiyo. Wapo watu ambao kasoro wanayoiona haionekani na mwingine yeyote, na hao mara nyingi kisu hakiwatoshelezi.

Tena dai taarifa ya upasuaji wa kwanza, ile karatasi inayoeleza nini kilikatwa, nini kiliachwa na nini kiliwekwa. Bila hiyo daktari wa pili anaingia akibahatisha. Anayepasuliwa nje ya nchi aiombe kabla hajapanda ndege kurudi, na kama imeandikwa kwa lugha asiyoijua, aombe tafsiri huko huko, kliniki ikiwa bado inamhesabu kuwa mteja.