Aliye Juu Aona Nini?



Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Mara nyingi twaitumia methali hii kwa kijicho, tukimngojea mkubwa aanguke tupate kumcheka. Leo twapenda kuitazama kwa namna nyingine, na kuuliza: je, mtu aliye mahali pa juu aona vizuri kuliko aliye chini? Swali hili lilianzia katika jamaa yetu, sisi tuliolelewa Katesh, chini ya Mlima Hanang.

Bibi yetu mzaa mama alikuwa Mwiraqw wa Mbulu. Alitusimulia habari za nyumba za kale zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, hata paa lake la udongo likalingana na ardhi ya upande wa juu. Zilijengwa hivyo kwa ajili ya kujificha, maana zamani Wamasai walikuwa wakija kuteka mifugo. Adui aliweza kupita pale juu asijue kwamba chini ya nyayo zake wamo watu na ng'ombe. Sisi watoto tulicheka sana. Hatukujua kwamba ipo siku tutafanana na yule mpita njia.

Mwaka 1979, mvua zilipokwisha, baba alitupandisha mlimani sisi watoto watatu. Tuliondoka gizani, tukapita msitu, kisha majani marefu na mawe, hata tukafika kileleni, mahali penye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Tulitetemeka kwa baridi, lakini tulijiona wakubwa. Upande mmoja Ziwa Balangida lilimeta kwa magadi. Upande wa magharibi, kuelekea Basotu, ilionekana miraba ya ngano iliyoanza kuiva, imenyooka kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi. Baba alikuwa mwalimu, naye alisema, "Tazameni kazi njema ya maendeleo." Ndipo mdogo wetu akauliza, "Baba, watu wako wapi?" Baba akajibu kwamba wako mbali mno, hawaonekani.

Jibu lake lilikuwa la kweli. Lakini miezi michache baadaye, mzee mmoja wa Kibarabaig aliyekuwa akituletea maziwa alikaa na baba barazani, akamweleza kwamba katika ile miraba ndipo walipokuwa wakilisha ng'ombe wakati wa kiangazi, na ndipo yalipokuwa makaburi ya wazee wao. Trekta zilikuwa zimepita juu ya baadhi ya makaburi hayo. Baba hakusema neno. Tangu siku ile hatukumsikia tena akiyasifu mashamba yale.

Hatuandiki haya ili kuibeza ngano. Nchi ilihitaji mkate, na Kanada ilitusaidia kwa miaka mingi, mpaka mashamba yakafikia ekari kama 100,000. Lakini aliyeitazama nchi ile kutoka juu, au katika ramani iliyotandazwa mezani, aliona uwanda mtupu. Aliyesimama chini aliona malisho, njia za kwenda majini na kaburi la babu yake. Shauri lilifika mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki wanakijiji wa Mulbadaw, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo.

Je, tuseme basi kwamba kuwa juu ni upofu? Hapana. Siku ile ile ya kupanda, kabla hatujashuka, baba alituonyesha kitu ambacho mtu wa chini hakioni kwa urahisi. Alituonyesha makorongo yaliyoteremka kutoka ubavuni mwa mlima hadi karibu na makazi, akasema, "Maji hayasahau njia yake." Tulisikia, tukateremka, tukala ugali tukalala. Hatukumwambia jirani hata mmoja. Miaka ikapita, watu wakaongezeka, na nyumba nazo zikaongezeka.

Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliyokuwa imelowa maji ilimeguka. Matope, mawe na magogo yakashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Sisi tulikuwa mbali. Tulitumiwa katika simu picha zilizopigwa kutoka angani, tukaona mstari mpana wa rangi ya udongo ukiukata mji. Tuliitafuta nyumba ya shangazi tusiione. Swali la mdogo wetu likaturudia: watu wako wapi? Jibu halikutoka angani. Lilitoka kwa mpwa wetu, aliyekuwa akitembea katika matope, akatutajia jina moja moja, nani amepatikana na nani bado.

Hatusemi kwamba neno letu la mwaka 1979 lingeuzuia mlima. Hata hivyo, tuliona na tukanyamaza, na jambo hilo linatuuma.

Katika Injili ya Mathayo twasoma habari za milima mingi. Juu ya mmoja, mshawishi alimwonyesha Bwana milki zote za dunia na fahari yake, wala hakumwonyesha hata mtu mmoja mwenye njaa. Lakini Bwana alipoteremka kutoka mlima mwingine, baada ya kuwafundisha watu, aliyemjia alikuwa mwenye ukoma, naye akanyosha mkono akamgusa. Ukoma ule usingeweza kuguswa kutoka kileleni.

Basi, wapendwa, kila mmoja wetu yu juu ya mtu fulani: mzazi juu ya mtoto, mwalimu juu ya darasa, mzee wa kanisa juu ya waumini, mwenye ofisi juu ya mwenye shamba. Yatupasa mambo mawili. Tukiwa juu tukaona njia ya maji, tushuke tukawaambie walio chini, hata wakituona wasumbufu. Na kabla hatujaiita nchi tupu, tushuke tukaulize ni nani wanaoishi pale, na ni nani waliozikwa pale.

Na aliye juu, tumngoje chini. Tusimngoje ili tumcheke. Tumngoje kwa lile swali la mtoto: watu wako wapi?