Sime Chini ya Koti

Masomo: 2 Samweli 20:4-10, Luka 22:35-51



Tumeulizwa na baadhi yenu kama ni halali Mkristo kuingia kanisani na silaha aliyoificha. Swali hili si la kuchekwa. Hapa Mitundu twaishi jirani na pori kubwa. Mtu aendaye kutazama mizinga yake upande wa Rungwa, au alalaye machungani na ng'ombe, hawezi kwenda mikono mitupu, wala hatujamsikia mhubiri akimlaumu mchungaji wa mifugo kwa mkuki wake. Daudi naye alikuwa na kombeo. Lakini mkuki ule kila mtu auona. Sisi twaulizwa juu ya sime iliyo chini ya koti, na bastola iliyo kiunoni, ndani ya nyumba ambayo sote tumekubaliana kwamba silaha haziingii.

Wanaoitetea silaha wana hoja yao, na si haki kuiruka. Husema kwamba mwovu hajali katazo la mlangoni, na kwamba wanaolitii ndio watakaochinjwa. Hutukumbusha Kanisa la St James, Cape Town, jioni ya Jumapili 25 Julai 1993, watu wenye bunduki na mabomu ya mkono walipoingia katikati ya ibada wakaua waumini 11. Mtu mmoja aliyekuwa akisali alikuwa na bastola yake. Akawapiga risasi, nao wakakimbia. Ni kweli, na pengine wengi walipona kwa ajili hiyo. Hatumhukumu mtu yule. Miaka ya baadaye alikutana na baadhi ya washambuliaji hao wakapatana, jambo ambalo wapenda kusimulia habari za bastola yake hulisahau mara nyingi.

Lakini tutazame na karibu yetu. Kule Garissa, Kenya, 1 Julai 2012, askari polisi wawili waliolinda kanisa la A.I.C. waliuawa, na bunduki zao zikachukuliwa na wauaji. Olasiti, Arusha, 5 Mei 2013, bomu lilirushwa katika umati siku ya kuzindua parokia ya ndugu zetu Wakatoliki, watu watatu wakafa. Bastola ya mfukoni ingefanya nini pale, katikati ya akina mama na watoto wanaokimbia huku na huku? Basi hoja ya usalama ina pande mbili, wala hatutaimaliza kwa kuhesabu maiti.

Tumwangalie Petro. Wanafunzi walikuwa na panga mbili, na mmojawapo ulifika Gethsemane, mahali pa sala. Yule mwenye upanga ndiye aliyeshindwa kukesha hata saa moja. Alipoamka akakata sikio. Tena la nani? Si la Yuda, wala la kuhani mkuu, ila la Malko, mtumwa aliyekwenda alikotumwa. Ndipo Bwana, karibu ya kufungwa mikono yake, akaitumia kuponya jeraha lililofanywa na mwanafunzi wake mwenyewe.

Yoabu yatisha zaidi. Alimwita Amasa ndugu yake, akamuuliza hali, akamshika ndevu kwa mkono wa kuume kana kwamba atambusu. Amasa hakuuangalia upanga uliokuwa katika mkono wa pili. Kwa nini auangalie? Alikuwa akisalimiwa.

Hapa ndipo neno hili lituchomapo. Katika ibada zetu hupeana amani kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana. Nanyi mwajua kwamba wako miongoni mwetu wakulima na wafugaji wasiosemezana kwa sababu ya mtama ulioliwa na njia ya ng'ombe iliyozibwa. Tuseme kweli: sime ile chini ya koti haikuletwa kwa ajili ya magaidi. Imeletwa kwa ajili ya jirani aketiye benchi la tatu. Mtu anayempa mwenzake mkono wa kuume huku wa kushoto ukigusa mpini, je, ametoa amani gani? Bwana alituagiza tuiache sadaka mbele ya madhabahu tukapatane kwanza na ndugu. Hakusema twende tumejifunga silaha.

Tumkumbuke pia Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Usiku wa 5 Februari 1977 askari wa Idi Amin waliingia nyumbani kwake wakitafuta bunduki, wakapekua kila chumba, wasipate kitu. Mnamo 16 Februari wakamshitaki hadharani kwa habari ya silaha hata hivyo, akauawa. Uongo ule ulibaki uongo kwa sababu nyumba ilikuwa safi. Wangekuta bastola moja tu chini ya godoro, tungekuwa twasimulia habari nyingine leo.

Kuna wengine wenye magobore yasiyo na kibali, waliyoachiwa na baba zao. Mwaka 2022 Serikali ilitoa msamaha, Septemba na Oktoba, kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Aliyeikosa nafasi ile naye anaogopa kwenda polisi peke yake, aje kwetu tufuatane naye, hatutamtangaza.

Na kwa Jumapili zijazo: mwenye sime na aiache nyumbani. Atokaye porini moja kwa moja amkabidhi mzee wa kanisa mlangoni, aichukue baada ya ibada. Bunduki hatutaipokea, maana kibali ni cha mtu mmoja na hawezi kumwachia mwingine. Mwenye nayo aifungie kwake kabla ya kuja. Wale wenye neno na jirani zao waje Jumamosi jioni, wote wawili. Tutakuwapo mpaka giza liingie.