Siku ya kuzaliwa: Nani anayestahiki shukrani?

Miongoni mwa maswali ambayo mwalimu wa Maarifa ya Uislamu haepuki kuulizwa darasani ni hili: Je, inafaa kwa Muislamu kusherehekea siku aliyozaliwa? Muulizaji hutegemea jibu la neno moja, inafaa au haifai, kisha aondoke nalo.

Wanazuoni wenyewe wamekhitalifiana. Mwaka 2008 huko Saudi Arabia, Sheikh Salman al-Ouda alisema kuwa hapana ubaya watu kukusanyika kwa kumbukumbu ya kuzaliwa au ya ndoa, maadamu hawaiiti idi. Mufti Mkuu wa nchi hiyo wakati huo, Sheikh Abdulaziz Al Sheikh, alimpinga hadharani. Mimi si mufti, na makala hii si fatwa. Ninachotaka tujiulize, ndugu msomaji, ni swali linalotangulia hukumu: siku hiyo hasa ni ya nani?

Swali hili nililipata nikiwa mbali na nyumbani. Kabla ya kurejea kufundisha dini, nilifundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi pembezoni mwa Bangkok, Thailand. Waislamu wapo nchini humo tangu karne nyingi, na katika mikoa ya kusini ya Pattani, Yala na Narathiwat wao ndio wengi. Lakini darasani kwangu takriban wanafunzi wote walikuwa Wabudha.

Watu wa huko huipa uzito mkubwa siku ya juma aliyozaliwa mtu. Kila siku ina rangi yake: Jumatatu ni njano, Alhamisi ni rangi ya chungwa, na wapo wanaoihusisha siku hiyo na nyota na bahati. Inapofika siku ya kuzaliwa, wengi hudamka kuwapa watawa chakula, au huachia samaki mtoni kwa kutaraji thawabu.

Novemba 2018 wanafunzi wangu waliniuliza nilizaliwa siku gani. Tarehe ilikuwamo kwenye pasipoti, lakini siku ya juma sikuwa nayo. Nikampigia simu mama yangu, Tanga. Yeye tarehe hakuikumbuka. Alichokumbuka ni kuwa ilikuwa Mfungo Sita, kama wiki moja baada ya Maulidi ya mtaani, usiku wa kuamkia Alhamisi, na kwamba uchungu ulimshika tangu Jumanne alasiri. Kisha akacheka, akasema: “Mwanangu, siku ile wewe ulikuwa mgeni tu. Kazi niliifanya mimi.”

Siku yenyewe ilipofika, wanafunzi wakaniletea keki. Kilichonigusa zaidi kilikuwa nembo iliyokuwa kwenye boksi. Watoto hawa wa Kibudha walizunguka madukani mpaka wakapata keki yenye nembo ya halali, inayotolewa na Baraza Kuu la Kiislamu la nchi hiyo, kwa kuwa walijua mwalimu wao hali kila kitu.

Hapa ndipo fikihi inapohitajika. Ipo hadithi iliyopokewa na Abu Daud inayotuonya tusijifananishe na watu wengine. Ipo pia aya (60:8) inayosema kuwa Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita katika dini. Na Mtume (s.a.w.) alipokea zawadi za wasiokuwa Waislamu, akiwemo Muqawqis, mtawala wa Misri. Basi nilitenganisha. Keki niliipokea na nikawashukuru. Mishumaa sikuipuliza, na niliwaeleza kwa upole kwamba Muislamu haamini kuwa siku au rangi inabeba bahati yake. Hakuna aliyenuna.

Kisha nikawasimulia maneno ya mama yangu, nikawataka kila mmoja aandike sentensi moja ya Kiingereza kuhusu jambo alilofanyiwa na mama yake kabla yeye hajawa na akili ya kukumbuka. Wengi wa wazazi wao walitoka Isan, kaskazini mashariki mwa nchi, kuja mjini kutafuta riziki. Darasa lilinyamaza kwa muda mrefu. Wengine waliniomba ruhusa wakawaulize mama zao kwanza.

Ndugu msomaji, Qur'an imetangulia kutufundisha jambo hili. Sura Luqman (31:14) inapotaja kuzaliwa kwa mtu, haimsifu aliyezaliwa. Inataja mama aliyembeba kwa udhaifu juu ya udhaifu, kisha inaamrisha shukrani kwa Mwenyezi Mungu na kwa wazazi wawili. Naye Mtume (s.a.w.), alipoulizwa kuhusu saumu ya Jumatatu, alieleza, kama alivyopokea Muslim, kuwa ndiyo siku aliyozaliwa na siku aliyoteremshiwa wahyi. Wanaosoma Maulidi na wanaoyapinga wamebishana sana juu ya hadithi hii, lakini hakuna anayekataa kuwa siku hiyo Mtume aliishukuru kwa kufunga.

Sasa tutazame mitaani kwetu. Katika miji yetu watu wanakodi kumbi, wanachangisha, wanamwagiana maji na kupiga picha. Mtoto amevikwa taji. Mama aliyemzaa yuko jikoni anakaanga kuku, na usiku ataosha vyombo. Upande wa pili yupo kijana anayekemea keki ya jirani kuwa ni bidaa, naye miezi mitatu hajamjulia hali mama yake kijijini. Wawili hawa wanabishana kila mwaka, kumbe wamemsahau mtu yule yule.

Huenda mtu akasema kuwa haki ya mama haina tarehe, hivyo kuitengea siku ni kuipunguza. Ni kweli haina tarehe. Lakini tarehe ya kuzaliwa inatujia tu, tutake tusitake. Imo katika vitambulisho na katika kila fomu tunayojaza. Ikishakuja, itumike kutukumbusha deni badala ya kutusahaulisha.

Tena iko aya inayotaja umri kwa idadi. Sura Al-Ahqaf (46:15) inaanza na mama aliyebeba kwa taabu na kuzaa kwa taabu, ikataja miezi 30 ya mimba na kunyonyesha, kisha ikamfikisha mtoto huyo miaka 40. Afikapo hapo anaomba awezeshwe kushukuru neema aliyopewa yeye na wazazi wake, atende mema, atengenezewe kizazi chake, na anatubu. Na kwa kuwa mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, miaka 40 ya Hijria hutimia mtu akiwa na miaka 38 na miezi tisa hivi kwa kalenda ya miladia. Sisi wa rika hili tunaodhani muda bado, huenda tumeshafika.

Aliye na mama hai, siku hiyo na ampigie simu kabla ya kupokea pongezi za mtu yeyote. Ambaye mama yake ametangulia, amuombee dua na kumtolea sadaka. Tukishafanya hivyo, mjadala wa keki tutaweza kuuzungumza kwa utulivu.

Wabillahi Tawfiiq.